Kompaila Mbili na Jiwe la Mizani

Ninyi vijana mnaokaa kwenye baraza za Masasi na Newala na kompyuta mapajani, nawaona. Mnapiga funguo, mnakunja uso, halafu mnaisema mashine kama mtu anayemsema mbuzi aliyekula mboga zake. Nikipita na jembe begani mnaniamkia, "Shikamoo babu," naitikia marahaba, na mnadhani nimetoka shambani tu. Kweli nimetoka shambani. Lakini kabla macho hayajachoka nilifanya kazi hiyo mnayoifanya, katika kipande chake kimoja kidogo na cha ajabu: kuhakikisha kwamba majaribio ya dibaga yanasema kweli, programu iwe imejengwa kwa kompaila hii au ile. Nimefanya kazi nyingi, na hakuna iliyonichekesha kama hiyo.

Shule niliiacha kidato cha pili. Hakuna aliyenifukuza, miguu ilikuwa inawasha. Nimepakia korosho ghalani Masasi, nimechoma matofali Chidya, nimeuza samaki wakavu mpaka ng'ambo ya Ruvuma, nimekuwa fundi redio Newala. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa kitu kinavyofanya kazi, kisha nikahama. Mke wangu, Mama Zuhura, alikuwa akiwaambia watu kwamba ameolewa na begi.

Mwishowe niliweka meza ya kutengeneza simu Masasi mjini, na hapo ndipo Mama Upendo aliponikuta. Yeye ni mtu wa Lulindi. Alikuwa ameandika programu Dar kwa miaka mingi, akarudi nyumbani kwa sababu mama yake alipoteza kuona na hakutaka kuhama. Basi alipanga chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi, akawa anafanya kazi kwa mtandao pamoja na kikundi cha watu wa nchi mbalimbali wanaotengeneza dibaga. Siku hiyo aliniletea chaja iliyokatika waya, na kompyuta yenyewe ameishika mkononi, ina chaji kidogo iliyobaki. Wakati naunga waya nikaona kioo kimejaa maandishi mekundu.

"Haya mekundu yanalalamika nini?" nikamuuliza.

"Yanasema jaribio limeanguka."

"Nani alikuwa anajaribiwa?"

Akanitazama. "Hilo ndilo swali ninalojiuliza tangu asubuhi."

"Na jibu lake?"

"Baba Zuhura, unatengeneza chaja au unanifanyia usaili?"

"Vyote viwili."

Akacheka. Alirudi kesho yake na swali moja: kama niko tayari kuhamishia meza yangu chumbani kwake, na badala ya kufungua simu za watu nifungue programu. Sikujua kuandika hata mstari mmoja. "Hilo nitakufundisha," akasema. "Kuuliza ndiko kusikofundishika." Nikabeba meza kichwani, nikapanda ngazi.

Kwa wale ambao bado hamjafika huko, niwape picha. Mtu anaandika programu kwa maneno yanayosomeka. Kompaila inayageuza maneno hayo kuwa maagizo ya mashine. Pamoja na maagizo, kompaila huacha maelezo pembeni: agizo hili limetoka mstari ule, thamani hii imehifadhiwa pale. Dibaga ni programu inayoisimamisha programu nyingine katikati ya safari na kuisaili: umefika mstari gani, umebeba nini. Inajibu kwa kusoma yale maelezo ya kompaila. Sasa dibaga nayo ni kazi ya mikono ya watu, lazima ijaribiwe. Kwa hiyo kuna majaribio, maelfu kwa maelfu, kila moja linaiuliza dibaga swali na kulinganisha jibu. Likipata jibu linalotarajiwa ni kijani. Lisipopata ni nyekundu.

Shida yetu ilikuwa kompaila mbili. Moja ni ya zamani, wengi wamekua nayo. Ya pili imekuja baadaye, ina haraka na ina utaratibu wake. Mimi nikaziita Bi Mkubwa na Bi Mdogo.

"Mimi ni Mwanglikana," akasema Mama Upendo. "Usiniletee mitala kwenye kompyuta."

"Si ya kwako. Mume ni dibaga. Analetewa chakula na wote wawili, na anatakiwa ale kote bila kununa."

Jina likabaki, na hata yeye akalizoea. Majaribio yetu mengi yalikuwa yameandikwa wakati nyumba ina Bi Mkubwa peke yake. Kwake yalikuwa kijani tupu. Ukiyapeleka kwa Bi Mdogo, nyekundu kila upande, na dibaga haina kosa.

Kiongozi wa kikundi alikuwa mama mmoja wa nchi za baridi, tuliyemjua kwa sura ya kwenye kioo tu. Tulimwita Bosi. Siku moja alizungumza na Mama Upendo kwa Kiingereza, kwa upole, na alipomaliza Mama Upendo akaifunika kompyuta taratibu kama mtu anayefunika chungu.

"Amesema nini?"

"Toleo jipya la dibaga linakaribia kutoka. Amesema jaribio letu likiwa jekundu kwa Bi Mdogo, hakuna anayejua kama dibaga imeharibika au jaribio ndilo bovu, na watu wameacha kuyatazama majaribio yetu. Yakiwa hivihivi mpaka toleo litoke, kazi hii anawapa wengine."

"Na sisi?"

"Wewe utarudi kwenye simu. Mimi nitarudi Dar. Hapa sina kazi nyingine ya kunilisha."

"Na bibi, mama yako?"

"Bibi amesema atatoka Lulindi siku anapelekwa kaburini, na kaburi lenyewe liko Lulindi."

Basi ndivyo ilivyokuwa, vijana. Mambo ya alama nyekundu na kijani, lakini nyuma yake kulikuwa na mama asiyeona katika nyumba ya Lulindi, na binti anayemkatia kuni kila Jumamosi na kumsomea zaburi jioni.

Tukaanza na majaribio yanayohesabu hatua. Jaribio linaiambia dibaga: anza mwanzo, songa mstari, songa tena, songa tena, sasa niambie uko wapi. Tatizo likawa kwenye kitanzi, pale programu inaporudia jambo. Bi Mkubwa akimaliza kitanzi hurudi mlangoni kutazama kama kweli amemaliza, ndipo anatoka. Bi Mdogo anatoka moja kwa moja. Wote wako sahihi. Lakini hesabu ya hatua inapishana, na jaribio linasimama kwenye mstari usio wake na kuanza kupiga mayowe.

Nilipoliona hilo nilicheka mpaka Mama Upendo akaacha kuandika. Nilikumbuka enzi za redio kule Newala. Nilitengeneza redio ya mzee mmoja, nikaelekezwa niipeleke nyumba ya nne baada ya msikiti. Nikahesabu vizuri, nikabisha hodi, bwana mmoja akatoka, akapokea redio kwa mikono miwili, akashukuru sana. Baada ya siku kadhaa mwenye redio akanijia amenuna. Kumbe watu walikuwa wamejenga majiko mapya pembeni ya njia, na mimi nimehesabu jiko kuwa nyumba. Nikarudi kwa yule bwana. Nikamkuta amejilaza, anasikiliza taarabu.

"Bwana, redio hii si yako."

"Najua," akasema. "Lakini ilikuwa inaimba vizuri."

Mke wake, aliyekuwa anamenya muhogo, ndiye aliyenipa elimu. "Wewe kumbe si mtu wa huku juu mlimani. Huku hatuhesabu nyumba. Ukiuona mkorosho uliolala chini kama mtu anayesinzia, nyumba inayoutazama ndiyo ya huyo mzee."

Nikamsimulia Mama Upendo, naye akapiga meza kwa kiganja. Tangu siku ile hatukuhesabu hatua tena. Ndani ya programu ya jaribio, kwenye mstari tunaoutaka, tunaandika maoni, yaani maneno ambayo kompaila huyaruka: simama hapa. Jaribio linaitafuta alama hiyo, linaiambia dibaga isimame palepale, na njia aliyopitia Bi Mkubwa au Bi Mdogo inabaki siri yao. Hata ukiongeza mistari juu yake mwaka ujao, alama inahama pamoja na mstari wake. Likitokea jaribio la kupima kusonga kwenyewe, hapo uhesabu. Lakini kama unachotaka ni kufika tu, usihesabu.

Nyekundu zikapungua. Nikapata kiburi, na kiburi kikanipeleka kwenye majina. Kompaila hizi mbili zinaweza kuiita aina moja ya namba kwa maneno yaleyale yaliyopangwa tofauti, moja ikitanguliza urefu, nyingine ikitanguliza kwamba namba haina hasi. Ni sawa na mimi: nyumbani Baba Zuhura, sokoni fundi, kwa wajukuu babu, na aliyekaa ndani ya shati ni mmoja. Nikasema dawa ni kulegeza. Nikaandika jaribio likubali jina hili au lile. Jingine nikalilegeza zaidi. Ilipofika mchana nilikuwa nalegeza kwa furaha, kila nikilegeza nyekundu moja inakuwa kijani, na nilikuwa nikiimba.

Mama Upendo akaja nyuma ya kiti changu na kikombe cha chai. Aliinama, akalichukua jaribio moja, akaifanya dibaga itoe namba ya uongo kabisa. Kijani. Akafuta namba, akaandika jina la mama yake. Kijani.

"Baba Zuhura, jaribio lako limempokea mama yangu kama namba."

"Si kwa heshima zote?"

"Kwa heshima zote. Sasa kaza."

Nikakaza. Nilijifunza kulegeza pale tu ambapo kompaila zina haki ya kutofautiana, na kuacha kila kitu kingine kimefungwa: jina liwe hili au lile, basi, lakini thamani iwe ileile. Na pale ambapo kompaila yenyewe ina kosa linalojulikana, tuliandika wazi kwamba anguko hili ni la kompaila fulani, toleo fulani, ili siku likirekebishwa jaribio litushtue. Tusingeweza kulifukia kimya na kwenda zetu.

Likabaki kundi moja la majaribio. Hilo lilitutoa jasho.

Wakati mwingine thamani moja huhifadhiwa vipande viwili, nusu huku, nusu kule, na kompaila inaeleza hivyo kwenye maelezo yake. Dibaga inatakiwa ivikute vipande vyote na kuviunga. Kipande hicho cha dibaga alikiandika Mama Upendo mwenyewe, na alikipenda kama kibanda cha kwanza mtu anachojenga. Jaribio lake liliandikwa kwa programu ndogo ambayo Bi Mkubwa alikuwa akiigawa thamani vipande viwili. Bi Mdogo hakugawa. Aliiweka nzima mahali pamoja, kwa hiyo jaribio linaloulizia vipande halikuviona. Tukaibadilisha programu kumshawishi. Akagawa. Tukashangilia, tukaenda kula. Tuliporudi tukaijaribu na toleo jipya la Bi Mkubwa, na safari hii yeye ndiye aliyeacha kugawa.

"Nimechoka kuwabembeleza hawa," Mama Upendo akasema. Alifungua dirisha. Ulikuwa msimu, harufu ya mabibo, matunda ya mkorosho, ilikuwa mji mzima, na chini yetu malori yalikuwa yanaelekea maghalani. Nilisikia watu wakibishana kwa mbali, na ubishi ule ukanirudisha ujanani.

Nilipokuwa mpakiaji, karani wa mizani ghalani alikuwa Mzee Mkwanda, mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma. Kila asubuhi kabla ya gunia la kwanza, alipandisha juu ya mizani jiwe lake la chuma, lenye uzito uliochongwa ubavuni, akatazama mshale, ndipo akasema, "Karibuni." Asubuhi moja wakulima wa Lisekese wakaja na gunia walilopima nyumbani siku iliyopita.

"Mzee, mizani yako imelala. Gunia hili tunalijua uzito wake. Iamshe mizani ifuate gunia."

"Gunia lililala wapi?" Mzee Mkwanda akauliza.

"Juani, uani."

"Korosho iliyolala juani jana ni ileile ya leo?"

Jibu walilijua wenyewe. Korosho ikikauka inapungua, ikipata umande inaongezeka.

"Gunia ni kitu cha kupimwa," akasema. "Mizani nitaijaribu kwa kitu ambacho hakikulala juani kwa mtu yeyote." Akapandisha lile jiwe mbele yao. Mshale ukakaa mahali pake. Mmoja wao akaomba alishike jiwe lenyewe, akalinyanyua, akasema, "Hili nalo halina utani," na foleni nzima ikacheka.

Nikageuka kutoka dirishani. "Mama Upendo, tunajaribu mizani kwa gunia."

"Unasema?"

"Tunataka kuijaribu dibaga. Lakini maelezo tunayoipa iyasome yanaandikwa na kompaila, na kila kompaila inayakausha kivyake. Hatuwezi kuyaandika wenyewe?"

Aliliacha dirisha, akarudi mezani. Kisha akasema polepole, "Inawezekana. Kuna namna ya kuyaandika kwa mkono na kuyabandika kwenye programu. Kompaila inabaki na maagizo tu, maelezo yanakuwa yetu. Inachosha, ndiyo maana watu wanaikwepa."

"Inachosha kuliko Dar?"

Akavuta kiti.

Yeye aliandika, mimi nikauliza. Hapa umesema thamani ina vipande viwili. Vipande hivyo viko wapi hasa? Hapa umesema kifungu hiki cha programu kinaanza hapa, kinaishia wapi? Swali hilo la mwisho ndilo lililotuokoa. Alikuwa ameandika kwamba kifungu cha kwanza kinaishia pale cha pili kinapoanza, kwa sababu ndivyo vilivyofuatana kwenye karatasi. Bi Mdogo, tukimwachia uhuru wa kupanga, aliviweka anavyotaka, cha pili kikatangulia. Tukaacha kukisia. Tukapanda alama ndani ya kila kifungu, na jaribio likawa linauliza kwanza: alama hii imeangukia wapi, na mipaka ya kifungu chake ni ipi? Likijibiwa ndipo linaandika maelezo.

Siku ya kumwonyesha Bosi tuliyaendesha yote mbele yake, saa za alasiri, na umeme kwa bahati ulikuwepo. Bi Mkubwa, kijani. Bi Mdogo, kijani. Toleo la zamani, toleo jipya, kijani. Nilitaka kusimama, Mama Upendo akanikanyaga mguu chini ya meza.

Bosi hakutabasamu. Aliuliza jambo moja, na Mama Upendo akanigeuzia kwa Kiswahili: "Anasema, nitajuaje kwamba yanatazama kitu? Hata ukuta unaweza kupakwa kijani."

Nikamkumbuka bibi wa Lulindi aliyepokelewa kama namba. "Mwambie tutaiharibu dibaga."

Mama Upendo akanitazama, akaelewa, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akafungua kile kipande chake mwenyewe, kile alichokipenda, akakikata mahali panapounga nusu mbili, ili dibaga isome nusu moja tu na kujifanya imemaliza. Akaijenga upya. Akaendesha jaribio kwa Bi Mkubwa.

Jekundu.

Akaendesha kwa Bi Mdogo. Mashine ikafikiri kidogo, feni ikavuma, na mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kama niliyepakiwa juu ya lori.

Jekundu. Jaribio lilelile, swali lilelile, jibu baya lilelile.

Nilipiga makofi. Sijawahi kufurahia rangi nyekundu namna ile, wala sidhani kama wenye duka chini walielewa kwa nini watu wa juu wanashangilia. Mama Upendo akarudisha kipande chake kama kilivyokuwa, yote yakawa kijani tena. Bosi akasema neno fupi, nalo nililielewa bila kutafsiriwa: yaingizeni. Halafu akaongeza jingine refu, kwamba kazi ibaki Masasi, na majaribio mengine ya kikundi yafuate namna yetu.

Mama Upendo akachukua simu na kumpigia mama yake. Akaweka sauti ya wazi, labda bila kujua.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Unaondoka lini?"

"Siondoki, mama. Kazi imebaki."

Tulisikia jogoo wa Lulindi.

"Basi uje na chumvi," bibi akasema. "Imeisha tangu juzi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningemwagizaje chumvi mtu anayefunga mizigo?"

Nikawasha pikipiki yangu, Mama Upendo akapanda nyuma. Tulinunua chumvi njiani, tukafika Lulindi jua likiwa bado lipo, na bibi alikuwa amekwisha kubandika sufuria ya ming'oko, vile viazi vyetu vya porini. Alinishika mkono, akanipapasa kiganja, akasema huyu amebeba magunia. Kisha akataka kujua ni kazi gani hiyo iliyomzuia binti yake asiende.

"Ni ya kujaribu kitu, bibi," nikamwambia. "Leo tulikiharibu makusudi, kikapiga kelele mahali palepale tulipokiharibu. Ndipo wakatuamini."

"Na kama kingenyamaza?"

"Mama Upendo angekuwa anafunga mizigo."

Bibi akachota chumvi kwa vidole, akaidondosha kwenye sufuria, akakoroga. Akaonja kwenye kiganja, akasubiri kidogo. "Bado," akasema, na akachota tena.